Siri, Faragha na Binafsi: Historia Fupi ya Maneno Yanayotupoteza Katika Intaneti

Tarehe 1 Julai 2018, watumiaji wa simu nchini Uganda waliamka na kukuta kodi mpya. Aliyetaka kufungua Facebook, WhatsApp au Twitter alitakiwa kulipa kwanza shilingi 200 kwa siku. Haukupita muda, herufi tatu zikaenea kutoka kumbi za mihadhara hadi vituo vya bodaboda: VPN. Hazikuwa ngeni kabisa. Zilikwisha kusikika Februari 2016, mitandao ya kijamii ilipofungwa siku ya uchaguzi mkuu. Zilisikika tena Januari 2021, mitandao hiyo ilipofungwa siku chache kabla ya kura, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku tano hivi.

Mwalimu aliyewauliza wanafunzi wake wakati ule kwamba programu hiyo inafanya kazi gani alipata jibu jepesi: "Inanificha, Mwalimu." Alipoendelea kuuliza inaficha nini, na inaficha kwa nani, darasa lilinyamaza. Wengine waliamini kwamba sasa hakuna awezaye kusoma barua zao. Wengine waliamini kwamba jina lao limefutika. Wapo waliodhani kwamba hata Facebook yenyewe haiwajui, ilhali wameingia kwa jina na picha zao wenyewe.

Si vyema kuwacheka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo lina historia, na kwamba historia yenyewe ni ya maneno kuliko mitambo. Kwa muda wa miaka hamsini, mafundi wa kompyuta wamelitumia neno moja la Kiingereza, lile ambalo sisi mitaani hulitamka "praiveti", kwa mambo matatu yasiyofanana. Kiswahili hakina haja ya kuurithi utata huo, kwa sababu tayari kina maneno matatu: siri, faragha na binafsi. Tukiyachanganya, mtu anaweza kujiona amejificha kumbe amesimama peupe.

Ufunguo usiofungua

Tuanze na siri. Kwa karne nyingi, watu waliotaka kupelekeana ujumbe uliofichwa walihitaji kwanza kukubaliana ufunguo mmoja, yaani kanuni ya kugeuza herufi. Ufunguo huohuo ndio uliofunga na ndio uliofungua. Taabu kubwa ilikuwa jinsi ya kuufikisha kwa mwenzako bila kunaswa njiani.

Mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha makala yaliyobadili fikra hiyo. Kila mtu awe na funguo mbili zinazohusiana kihesabu. Mmoja autangaze kwa watu wote, wa pili abaki nao mwenyewe. Anayetaka kumwandikia hufunga ujumbe kwa ule uliotangazwa, na ujumbe hufunguka kwa ule uliobaki tu. Ule wa kwanza huitwa ufunguo wa umma, na wa pili huitwa ufunguo wa praiveti. Hapa neno hilo lina maana ya siri kabisa: akiujua mwingine, kila kitu kimeharibika.

Maarifa hayo yalikaa kwa wataalamu hadi mwaka 1991, Mmarekani Phil Zimmermann alipotoa bure programu ya PGP ili mtu wa kawaida aweze kuzifunga barua pepe zake. Wakati huo sheria za Marekani za kuuza bidhaa nje ziliziweka programu za namna hiyo katika kundi moja na silaha. Programu ilipovuka mipaka kupitia intaneti, Zimmermann alichunguzwa na serikali yake kwa miaka kadhaa, mpaka uchunguzi ukafungwa Januari 1996 bila ya kushtakiwa.

Vita ya sheria ilikwisha, lakini ya maneno ilikuwa inaanza. Mwaka 1999 watafiti wawili, Alma Whitten na J. D. Tygar, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa lugha angefaa kulijua. Waliwakusanya watu 12 waliozoea kutumia barua pepe, wakawapa programu ya PGP pamoja na vitabu vyake vya maelezo, na dakika 90. Kazi yao ilikuwa kujifanya wasaidizi wa kampeni ya uchaguzi wanaowatumia wenzao ratiba ya siri ya mgombea. Waliofaulu kutia saini na kufunga ujumbe kwa usahihi walikuwa theluthi moja tu. Watatu kati ya wale 12 walituma siri hiyo ikiwa wazi, bila kukusudia. Na saba walifanya kosa la aina moja: badala ya kufunga ujumbe kwa funguo za umma za wale waliokuwa wakiwaandikia, waliufunga kwa ufunguo wa umma wa kwao wenyewe. Kwa hiyo wenzao wasingeweza kuufungua.

Watu saba kati ya 12 hawakosei kwa uzembe. Waliongozwa vibaya na sitiari. Katika maisha ya kila siku, ufunguo ni wa mwenye nyumba: yeye hufunga kwa ufunguo wake na kufungua kwa ufunguo wake. Walifanya kile ambacho neno liliwaambia wafanye.

Sasa tuitazame tafsiri yetu. Katika Kiswahili sitiari hiyo hupotosha zaidi, maana "ufunguo" ni nomino iliyotokana na kitenzi "fungua". Mofolojia yenyewe inasema kwamba kazi ya kitu hiki ni kufungua. Tunapomwambia mwanafunzi kwamba "ufunguo wa umma" ndio unaofunga, na kwamba hauwezi kufungua kile ulichofunga, tunamtaka aamini jambo linalopingana na mzizi wa neno. Ni rahisi zaidi kumweleza kwa kufuli. Fikiri kwamba Bi. Asha amegawa makufuli yake yaliyo wazi kwa kila anayemjua. Ukitaka kumpelekea barua, unaiweka sandukuni na kulibana kufuli lake. Ukishalibana, hata wewe huwezi kulifungua tena. Mwenye ufunguo ni Asha peke yake. Kufuli ni la umma, ufunguo ni wa siri. Mfano huu haulielezi suala la saini, ambalo lafaa kuelezwa kwa muhuri, lakini kosa la wale saba lisingetokea. Hakuna anayempelekea Asha sanduku lililofungwa kwa kufuli lake yeye mwenyewe.

Siri ya maneno na siri ya msemaji

Mtu anaweza kuificha barua lakini asiufiche ukweli kwamba amemwandikia fulani. Tarishi hawezi kuisoma barua iliyofungwa, lakini anayasoma majina yaliyo juu ya bahasha. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani walianza kulishughulikia tatizo hili la pili. Njia yao waliifananisha na kitunguu. Ujumbe huvishwa maganda kadhaa, kisha hupitishwa katika kompyuta kadhaa. Kila kompyuta humenya ganda moja na kujua tu ujumbe umetoka wapi na unaelekea wapi baada yake. Hakuna hata moja inayoijua safari nzima. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya Tor, ambayo muundo wake ulielezwa hadharani mwaka 2004 na Roger Dingledine, Nick Mathewson na Paul Syverson.

Hapa kinachofichwa ni msemaji, si maneno. Kompyuta ya mwisho humenya ganda la mwisho na kuupeleka ujumbe kama ulivyoandikwa. Kama mwandishi hakuufunga mwenyewe, hutoka ukiwa wazi. Waliobuni Tor hawakulificha jambo hilo, lakini wengi walisikia neno "kitunguu" na neno "usalama", wakatosheka.

Mwaka 2007 ulimwengu ulipata funzo. Dan Egerstad, mtaalamu wa usalama wa kompyuta nchini Sweden, aliendesha kompyuta tano za mwisho za mtandao huo na kutazama yaliyopita. Mnamo Agosti alichapisha nywila za akaunti zipatazo 100 za barua pepe, nyingi zikiwa za balozi na idara za serikali za nchi mbalimbali, zikiwemo India na Iran. Aliyekuwa akizitumia akaunti hizo, awe mwenyewe au mdukuzi aliyezipora, alikuwa amefaulu kuficha alikotoka. Lakini nywila yake ilipita mbele ya mgeni kama mtu apitaye sokoni na fedha mkononi. Leo hatari hiyo imepungua, kwa kuwa tovuti nyingi huyafunga mawasiliano zenyewe. Hata hivyo, tofauti baina ya siri ya maneno na siri ya msemaji imebaki palepale.

Faragha ya chumba

Maana ya pili ya "praiveti" ilikuja na vivinjari. Mwaka 2005 kampuni ya Apple iliongeza katika kivinjari chake cha Safari namna ya kusoma tovuti bila ya kivinjari kutunza kumbukumbu. Kivinjari cha Chrome cha Google kilipotolewa Septemba 2008 kilikuwa nayo pia, na vingine vikafuata. Kazi yake ni ndogo na yenye manufaa: ukilifunga dirisha, orodha ya tovuti ulizozitembelea haibaki katika kompyuta hiyo, wala vile vidakuzi ambavyo tovuti huviacha ili zikutambue ukirudi. Anayekuja kuitumia kompyuta baada yako hataiona nyayo yako.

Neno la Kiswahili linalofaa hapa ni faragha. Mtu aliye faraghani amejitenga na walio karibu naye; ameingia chumbani na kufunga mlango. Hakutoweka duniani. Jirani aliyemwona akiingia anajua yumo, na mwenye nyumba anajua vilevile. Ndivyo lilivyo dirisha la faragha. Kampuni ya simu inaona unakokwenda, tovuti inakuona ukifika, na mwajiri mwenye mtandao wa ofisi anaona pia.

Watu walielewaje? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na wa Hannover, Ujerumani, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 460. Washiriki walisomeshwa kwanza maelezo yanayotolewa na vivinjari, kisha wakaulizwa maswali. Zaidi ya nusu waliamini kwamba mtu akitumia dirisha hilo, Google haitahifadhi anayoyatafuta, hata kama ameingia kwa akaunti yake ya Google. Maelezo waliyosoma hayakuwatoa katika imani hiyo. Jina lilikuwa limekwisha kusema, na maelezo yalikuja nyuma ya jina.

Suala likafika mahakamani. Juni 2020 watumiaji walifungua kesi huko California wakidai kwamba Google iliendelea kukusanya taarifa zao ndani ya dirisha hilo. Mapatano yaliyotangazwa Aprili 2024 yaliitaka kampuni kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kuyaandika upya maelezo inayowapa watumiaji. Kwa hiyo, pamoja na mengine, mawakili walikuwa wakibishana juu ya maana ya neno, kazi ambayo sisi huifanya darasani bila malipo ya uwakili.

Binafsi si siri

Sasa turudi kwenye VPN. Herufi ya kati, P, ni "praiveti" ileile, lakini maana yake ni ya tatu. Kabla ya miaka ya 1990, kampuni yenye ofisi katika miji miwili ilikodi waya wake yenyewe wa kuziunganisha. Huo ndio uliokuwa mtandao wa praiveti, yaani mtandao wenye mwenyewe. Intaneti ilipoenea, mafundi walibuni njia ya kupitisha mawasiliano ya kampuni katika njia ya watu wote kana kwamba yako katika waya wa peke yake. Kwa hiyo P ilihusu umiliki. Tunaposema shule binafsi, hatumaanishi kwamba yanayofundishwa humo ni siri. Tunamaanisha kwamba shule ina mwenyewe na si ya serikali.

Baadaye njia hiyo iliuzwa kwa mtu mmoja mmoja, na maana ikageuka midomoni mwa wauzaji. Simu yako hujenga mfereji uliofungwa hadi kwenye seva ya mwenye VPN. Kampuni ya simu haioni zaidi ya kwamba unawasiliana na seva hiyo. Ndiyo maana wengi nchini Uganda waliweza kuikwepa kodi ya mwaka 2018 na kuufikia mtandao uliofungwa mwaka 2016. Na ndiyo maana VPN haikuwafaa kitu siku zile za Januari 2021 intaneti yote ilipozimwa: mfereji hauwezi kujengwa pasipo ardhi. Kodi yenyewe iliondolewa Julai 2021, ikawekwa mahali pake kodi ya asilimia 12 juu ya data.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Anayetumia VPN hajaiondoa kata, ameibadilisha tu. Kile ambacho zamani kampuni ya simu ilikiona, sasa mwenye seva ndiye anayekiona: ni tovuti zipi, saa ngapi, kwa muda gani. Na je, huyo ni nani? Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na programu ya VPN iitwayo Onavo Protect. Watumiaji waliambiwa kwamba programu hiyo inazilinda taarifa zao. Kumbe taarifa za matumizi ya simu zao zilikuwa zikikusanywa kwa faida ya biashara ya Facebook. Programu iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Julai 2023 mahakama nchini Australia ilizitoza kampuni mbili tanzu za Meta, ambalo ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook, faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji.

Hata serikali zimelazimika kulitolea maelezo neno hili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao waziandikishe. Mwananchi aliyedhani VPN ni kofia ya kutoonekana alishangaa: kofia hiyo inaandikishwaje? Aliyejua kwamba ni njia yenye mwenyewe hakuona ajabu, hata kama hakukubaliana na amri.

Tufanye nini darasani?

Ni dhahiri kwamba Kiswahili kimeanza kuuingia mtego huuhuu. Tangu chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nyingi zimetafsiriwa, na hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini tazama neno "fiche". Katika Chrome ya Kiswahili, dirisha lile la faragha huitwa Hali Fiche. Kampuni hiyohiyo inapoeleza data zilizofungwa kwa hesabu husema zimesimbwa kwa njia fiche. Msomaji makini afanye nini ila kuamini kwamba Hali Fiche nayo huyasimba mawasiliano yake? Waingereza katika jambo hili wana maneno mawili tofauti. Sisi tumeyaunganisha wenyewe.

Lugha yetu ina njia bora. Wapo wanaotumia kitenzi "fumba" kwa ujumbe unaofungwa kwa hesabu. Kina jamaa yake "fumbua", kama vile funga na fungua, na kina ndugu yake "fumbo", ambalo kila mwanafunzi wa ushairi analijua: maneno yako mbele ya wote lakini maana ni ya aliye na ufumbuzi. Hakuna haja ya kumkumbusha mwanafunzi kwamba "imesimbwa" haihusiani na simba wa mbuga ya Queen Elizabeth.

Kwa hiyo napendekeza tuyatenge maneno haya tunapofundisha. Siri itumike kwa kile ambacho akijua mwingine kimeharibika: nywila na ule ufunguo wa pili. Faragha itumike kwa kujitenga na walio karibu: dirisha lisilotunza nyayo. Binafsi itumike kwa kilicho cha mtu au cha kampuni, kiwe kimefichwa au hakikufichwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 imeanza vizuri kwa kujiita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba yako ya simu si siri, marafiki mia wanayo. Lakini ni yako, na sheria inailinda kwa sababu ni yako. Uganda na Kenya zilipitisha sheria zao za aina hiyo mwaka 2019. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikwisha kuamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, hivyo haiko mbali siku ambapo mwananchi wa Arua au Mbale atatakiwa kuzisoma haki zake kwa Kiswahili. Tutakuwa tumemwandalia maneno gani?

Na kila tunapokutana na istilahi mpya ya aina hii, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu kabla ya kuitafsiri: Kimefichwa nini? Kimefichwa kwa nani? Kata ni nani? Yule aliyesema "inanificha, Mwalimu" hakukosa akili. Alikosa kirai kimoja mwishoni mwa sentensi yake. Angesema "inanificha kwa kampuni ya simu", angekuwa amesema kweli, na angejua pia ni nani bado anamwona.